Mwanafunzi Tunayemjua Kabla Hajafika

  Leo nataka tuzungumze kuhusu vyuo vikuu vyetu na vijana wenye ulemavu wanaosoma humo, pamoja na wale walioko sekondari ambao wana ndoto ya kufika huko.

Kabla sijaenda mbali nina ombi. Redio haimfikii kiziwi. Kama una ndugu, jirani au mwanafunzi mwenzako ambaye ni kiziwi, tafadhali mfikishie mazungumzo haya kwa alama au kwa maandishi, maana sehemu kubwa ya nitakayosema inamhusu yeye.

Haya, nianze na swali. Chuo kikuu humjua lini mwanafunzi wake mwenye ulemavu? Wengi watajibu: siku ile anaporipoti, anaposhuka kwenye bajaji na fimbo yake nyeupe na begi lake mgongoni. Hapo ndipo watu wa ofisini huinua macho na kuulizana, "Huyu tutamfanyaje?"

Mimi nasema chuo kinamjua mapema zaidi. Tumfuate binti mmoja asiyeona tuone. Pengine alianza shule ya msingi Buigiri kule Dodoma, au Irente kule Lushoto, akajifunza kusoma nukta nundu kwa ncha za vidole. Akaenda sekondari. Mwezi Mei akaketi kufanya mtihani wa kidato cha sita. Na siku hiyo Baraza la Mitihani la Tanzania halikushangaa kumkuta. Lilikuwa limemwandalia karatasi ya nukta nundu. Lilikuwa limepanga na muda wake, kwa sababu katika mitihani ya Baraza mtahiniwa asiyeona huongezewa dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Mwenzake mwenye uoni hafifu huletewa karatasi yenye maandishi yaliyokuzwa. Mambo haya hayatokei kwa bahati. Kuna mtu aliketi ofisini, akaandika orodha, akajua ni nani yuko shule gani na anahitaji nini.

Julai matokeo yanatoka. Binti anaomba chuo, na kwenye fomu ya maombi anajaza sehemu inayouliza kuhusu ulemavu. Anaomba mkopo, na Bodi ya Mikopo inamtaka athibitishe ulemavu wake kwa fomu iliyosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Hesabu nami: Baraza la Mitihani lina jina lake, chuo kina jina lake, Bodi ya Mikopo ina jina lake. Ni ofisi tatu, na bado ni Julai au Agosti! Masomo ya mwaka wa kwanza yanaanza Oktoba au Novemba.

Sasa kwa nini anapofika getini tunashangaa?

Sisi ni watu tunaojua kuandaa shughuli, msikilizaji. Harusi ya Desemba, kamati inaanza vikao Agosti. Kuna mtu wa chakula, mtu wa ukumbi, mtu wa usafiri, na kuna aliyepewa kazi moja tu: kumpokea bibi anayetoka Songea, kujua atalala wapi na hawezi kula nini. Hakuna kamati inayoanza kutafuta viti wageni wakiwa mlangoni. Mwanafunzi wetu amepelekewa barua ya udahili, ambayo ni kadi ya mwaliko kabisa, lakini mara nyingi kamati yake haijakaa hata kikao kimoja.

Kuchelewa huku kunamgharimu nini? Muhula mmoja ni kama miezi minne. Ukichukua mwezi mzima kutafuta mkalimani, au kutafuta mtu wa kuchapa notisi kwa nukta nundu, umemnyang'anya robo ya muhula. Na alama zinahesabiwa wakati huohuo. Katika vyuo vyetu vingi kazi za muhula, yaani majaribio na insha za darasani, hubeba alama kama 40 kati ya 100. Jaribio la kwanza linafika wakati yeye hajasoma hata kitabu kimoja, kwa sababu kitabu hakijafika mikononi mwake kwa namna anayoweza kukisoma. Anaingia mtihani wa mwisho akiwa na deni. Anapata sapu, yaani mitihani ya marudio. Akishindwa kuzifuta, anadisko, yaani anaondolewa chuoni. Na kwenye karatasi itaandikwa kwamba amefeli. Haitaandikwa kwamba notisi zilifika wiki ya sita.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hapa inaumiza maisha ya mtu.

Ngoja nikupe mfano mwingine, nao haugharimu hata shilingi. Wanafunzi wengi wasioona siku hizi wanatumia kompyuta au simu yenye programu inayosoma kwa sauti maandishi yaliyoko kwenye skrini. Zipo za kununua kwa bei kubwa, na ipo moja ya bure iitwayo NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na kijana wa Australia, Michael Curran, akasaidiana na James Teh. Wote wawili hawaoni. Walitengeneza chombo walichokihitaji wenyewe, wakakitoa bure kwa dunia nzima. Kwa hiyo chombo kipo, na mwanafunzi wetu anacho.

Tatizo liko wapi? Liko kwenye desa, yaani notisi za kunakiliwa. Mhadhiri, au kiongozi wa darasa, anachukua kurasa za notisi au za kitabu, anazipiga picha au kuziskani, anazituma kwenye kundi la WhatsApp. Wewe na mimi tunaona maandishi. Programu ya kusoma inaona picha, kama vile picha ya ng'ombe au ya mlima, na inanyamaza kimya. Ni kweli zipo njia za kubadilisha picha iwe maandishi, lakini desa ambalo ni kopi ya kopi, lenye mistari ya kalamu na kona zilizokunjwa, hutoa vurugu ya herufi. Binti wetu anakesha akisikiliza vurugu ile huku wenzake wakisoma.

Dawa yake ni nini? Mhadhiri aliandika notisi zake kwenye kompyuta. Faili la mwanzo analo. Amtumie lile faili lenyewe. Basi! Hakuna bajeti wala mfadhili wala semina elekezi inayohitajika hapo. Na kwa vitabu vilivyochapishwa, upo Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania imejiunga nao. Mkataba huo unaruhusu kitabu kutengenezwa kwa nukta nundu, sauti au maandishi makubwa kwa ajili ya wasioona, bila kusubiri ruhusa ya mwenye haki za kitabu. Maktaba za vyuo vyetu zinapaswa kuutumia mkataba huo kila wiki.

Na tukiwa bado darasani, mhadhiri mpendwa, jisikilize unavyofundisha. Unageukia ubao unasema, "Sasa mnaona, hii tukijumlisha na hii tunapata ile, halafu ile tunaileta hapa." Asiyeona amesikia nini? Hii, hii, ile, hapa. Soma kwa sauti unachokiandika. Na usiongee na ubao, kwa sababu kuna mwanafunzi mwenye usikivu hafifu anayeangalia midomo yako. Utaona kwamba hata wale walioketi nyuma kabisa kwenye ukumbi wa watu mia tatu wanakuelewa vizuri zaidi.

Sasa nije kwa viziwi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni eneo tunalolielewa vibaya sana. Watu hudhani ukishampata mkalimani mmoja kazi imekwisha. Haijakwisha. Kutafsiri mhadhara kwa lugha ya alama ni kazi ya akili na mikono kwa wakati mmoja, bila kupumzika. Mkalimani akishafanya nusu saa hivi, anachoka, na akichoka anaanza kuruka maneno. Mhadhara wa saa mbili unahitaji wakalimani wawili wanaopokezana. Tena, mwanafunzi kiziwi anasikiliza kwa macho. Akiinamisha kichwa aandike, amepoteza sentensi tatu. Kwa hiyo anahitaji mtu wa kumwandikia notisi, au apewe za mhadhiri.

Kisha kuna istilahi. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili yenye sarufi yake, lakini maneno mengi ya uchumi, ya sheria au ya baiolojia bado hayana alama zinazokubalika na wote. Mkalimani akikutana na "mfumuko wa bei" kwa mara ya kwanza mbele ya darasa, afanye nini? Atatamka herufi moja moja kwa vidole huku mhadhiri ameshafika mbali. Lakini akipewa notisi siku mbili kabla, atakaa na mwanafunzi, watakubaliana alama za maneno magumu, na darasani mambo yatakwenda. Unaona tunarudi palepale, msikilizaji? Kabla. Kila tunaloligusa linahitaji kufanywa kabla.

Na tuwe waadilifu kuhusu uandishi wao. Kijana kiziwi mara nyingi lugha yake ya kwanza ni ya alama. Kiswahili cha maandishi ni ya pili, na Kiingereza cha chuo kikuu ni ya tatu. Ukisahihisha mtihani wake wa historia, pima historia anayoijua. Sarufi ya Kiingereza ina mtihani wake.

Tutoke darasani, tuangalie majengo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tunakiita Mlimani, na kwa kweli kiko mlimani. Anayekwenda kwa miguu anapanda na kushuka akitokwa jasho. Anayetumia kiti mwendo, je? Majengo mengi ya pale ni ya miaka ya 1960, wakati ambapo wachoraji wa majengo hawakumfikiria mtu asiyeweza kupanda ngazi. Chuo Kikuu cha Dodoma ni kipya, kilianzishwa 2007, lakini ndaki zake zimetawanyika, kutoka moja hadi nyingine ni safari.

Simlaumu aliyechora ramani zaidi ya miaka 60 iliyopita. Ninachouliza ni kuhusu leo. Mwaka 2021 ulianza mradi mkubwa wa elimu ya juu, ule unaojulikana kama HEET, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Kumbi na maabara zinajengwa, na kampasi mpya zinafunguliwa mikoani. Hizi haziwezi kutoa kisingizio cha uzee. Njia ya mteremko ikichorwa tangu mwanzo ni sehemu ndogo tu ya gharama za jengo. Ikija kubandikwa baadaye inakuwa ghali, na mara nyingi inakuwa mbovu. Nimeona miteremko mikali kiasi kwamba hata mtu mzima mwenye nguvu hawezi kumsukuma mwenzake kuipanda. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni rahisi kukumbuka: ukitaka kupanda sentimita 10, njia iwe na urefu wa sentimita 120. Mhandisi anajua. Kinachotakiwa ni mtu wa kumkagua.

Na choo. Samahani kwa walioko mezani, lakini lazima tukiseme. Wapo wanafunzi wanaojinyima maji ya kunywa tangu asubuhi, katika joto letu hili, kwa sababu jengo wanalosomea halina choo ambacho kiti mwendo kinaweza kuingia. Mlango mwembamba, ngazi moja mbele yake, hakuna cha kushika. Mtu ana kiu akiwa katikati ya mhadhara, na anaogopa kunywa. Hilo halikubaliki katika taasisi yoyote inayojiita ya elimu ya juu.

Pale ambapo jengo haliwezi kubadilishwa haraka, ratiba inaweza. Darasa lenye mwanafunzi wa kiti mwendo lipangwe chini. Mratibu wa ratiba anahitaji kujua tu, na ajue kabla hajapanga.

Labda utasema, mbona wapo wanaomaliza na kufanikiwa? Wapo, tena tunajivunia. Dkt. Abdallah Possi, mwanasheria mwenye ualbino, alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Dodoma, akateuliwa Naibu Waziri mwaka 2015, kisha akawa balozi wetu nchini Ujerumani. Amon Mpanju, mwanasheria asiyeona, aliwahi kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Wizara ya Katiba na Sheria. Lakini ukiwauliza wahitimu wengi wenye ulemavu walivukaje, jibu la kwanza mara nyingi ni: marafiki. Kuna aliyesomewa vitabu na mwenzake wa chumba. Kuna aliyebebwa mgongoni hadi ghorofa ya tatu.

Nawapongeza vijana hao kwa moyo wote. Wamefanya kazi ambayo chuo kilipaswa kuifanya. Lakini tujiulize: rafiki akiugua? Akiwa na mtihani wake saa hiyohiyo? Wakikosana, kama marafiki wanavyokosana? Na yule anayesomewa, anajisikiaje kuomba kila siku, wakati mwingine akiogopa hata kukataa jambo, asije akaudhi anayemsaidia? Elimu ya mtu haiwezi kutegemea hisani. Hisani iwe nyongeza, na chuo kiwe na mfumo: msomaji anayelipwa, mwandishi wa notisi anayelipwa, na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye fungu la fedha na mamlaka ya kuamua, ambaye kazi yake inaanza pale udahili unapotangazwa.

Kuna wanaosema wanafunzi hawa ni wachache, mbona tunapiga kelele hivi? Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa takribani asilimia 11 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana aina fulani ya ulemavu. Katika jamii si wachache. Wakiwa wachache chuoni, maana yake tumewapoteza njiani. Wengine tumewapoteza kwenye uchaguzi wa masomo. Asiyeona akifika sekondari mara nyingi anaelekezwa kwenye historia na lugha, anapenda asipende, kwa sababu shule haina vifaa vya kumfundishia fizikia. Chuo nacho kinasema, "Kwenye sayansi hawaombi." Wangeombaje? Mlango ulifungwa kidato cha tatu. Na tusiwasahau wale ambao ulemavu wao hauonekani, mwenye kifafa, mwenye matatizo ya afya ya akili, ambao hukaa kimya hadi wanapoanguka.

Jirani zetu Uganda wana utaratibu wa kutenga nafasi 64 kila mwaka za ufadhili wa serikali katika vyuo vikuu vya umma kwa ajili ya wanafunzi wenye ulemavu. Ni jambo la kuigwa, ingawa nafasi peke yake haitoshi. Sisi tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 24 kinaitaja elimu ya juu waziwazi. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kwa upande wa sheria hatuna upungufu mkubwa. Upungufu uko kwenye ile miezi mitatu, kati ya Julai na Oktoba, ambayo tunaiacha ipite hivihivi.

Basi nimalize na nyinyi mnaonisikiliza.

Mzazi, na wewe kijana unayesubiri kuomba chuo: jaza ile sehemu ya ulemavu kwenye fomu. Najua wapo wanaoificha, wakidhani watakataliwa. Sheria ya 2010 inakataza ubaguzi, na chuo kisichojua hakiwezi kujiandaa. Ukishapata udahili, usingoje siku ya kuripoti. Andika barua kwa ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, eleza unachohitaji kwa majina yake: mkalimani, notisi za nukta nundu, chumba cha chini, muda wa ziada wa mtihani. Baki na nakala.

Wakuu wa vyuo: mwanafunzi huyu mpigieni simu ninyi. Namba yake iko kwenye fomu mliyonayo. Mwulizeni anahitaji nini, maana yeye ndiye anayejua kuliko sisi wote.

Na wewe mhadhiri, kama kuna mwanafunzi asiyeona kwenye darasa lako muhula huu, usingoje mkutano wa idara. Mtumie yale mafaili leo usiku.